Somo: Kufua nguo za mtoto mdogo aliyejiendea haja

Mtoto anayeachishwa nepi hujikojolea na kujiendea haja kubwa ndani ya nguo mara nyingi kabla hajaizoea poti, na huo si utundu wala si ugonjwa. Linaloleta madhara ni lile tunalolifanya baada ya hapo. Katika nyumba nyingi nguo iliyochafuka hutupwa moja kwa moja katika beseni, ikamiminiwa jiki, ikaachwa humo hadi jioni kwa imani kwamba vijidudu vyote vitakuwa vimekufa. Havifi kwa namna hiyo. Klorini iliyomo katika jiki hushughulika na uchafu wowote inaoukuta, na kinyesi kikiwa kimejaa majini, dawa huishia humo humo kabla haijavimaliza vijidudu. Ndiyo maana somo hili linashikilia mpangilio wa kazi kuliko ukali wa dawa: uchafu utoke kwanza, sabuni ifuate, dawa ije baada ya sabuni iwapo inahitajika kweli, kisha jua.

Wapo pia wanaosema kwamba kinyesi cha mtoto hakina madhara, hasa kama bado ananyonya, kwa hiyo hukifuta kwa kitambaa na kuendelea kumenya viazi. Jambo hili nalikataa kabisa. Virusi vya rota, bakteria wa kuhara damu, vimelea vya kipindupindu na mayai ya minyoo hutoka katika kinyesi cha mtoto kama yanavyotoka katika cha mtu mzima, na mtoto mwenye virusi vya rota hutoa virusi vingi mno, ilhali vichache tu vinatosha kumwambukiza mwenzake. Chanjo ya rota, ambayo Tanzania imekuwa ikiitoa kwa watoto wachanga tangu mwaka 2013, hupunguza ukali wa ugonjwa huo, lakini haizuii magonjwa mengine niliyoyataja.

Vifaa vinavyohitajika ni vya kawaida: beseni la kazi hii peke yake, ikiwezekana la rangi tofauti na mengine ili asilichukue mtu kuoshea mboga, ndoo ya maji, kata au kopo ambalo halitumiki kuchotea maji ya kunywa, sabuni ya mche, brashi ndogo, na karatasi au kijiti cha kukwangulia. Glavu ni nzuri kwa mwenye nazo, hasa mwenye kidonda mkononi, ila kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua beseni.

Kabla ya kugusa chochote, jaza maji ndoo na uiweke karibu, na mche wa sabuni uwe umeshatolewa. Wengi hulidharau jambo hili, lakini katika nyumba ya kupanga yenye bomba moja uani, mkono uliotoka kwenye nguo chafu ukafungua koki huwaachia uchafu wapangaji wote watakaoifuata koki hiyo.

Hatua ya kwanza ni mtoto mwenyewe. Mvue kaptula au chupi kwa kuikunja kuelekea ndani huku ukiishusha, ili kinyesi kibaki katikati ya mkunjo badala ya kumpaka mapajani. Kama kimepanda hadi mgongoni na kuichafua fulana, usiivulie kichwani. Panua shingo ya fulana, uishushe mabegani na kuitolea miguuni. Kisha mtawaze kwa maji na sabuni, na kama ni mtoto wa kike, mkono uende kutoka mbele kuelekea nyuma. Mkaushe, mvike nguo safi, naye anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu watoto wa umri huo hujishika. Nguo chafu inaweza kusubiri dakika chache ndani ya beseni, lakini isiwekwe sakafuni.

Hatua ya pili ni kukipeleka kinyesi chooni. Kikwangue kwa karatasi au kijiti juu ya tundu la choo, kisha ishike nguo kwa kiuno chake ikining'inia, na umimine maji ya baridi kwa kata kutoka upande wa nje, yaani ule ambao haukuchafuka. Maji yakipita kutoka upande safi husukuma uchafu utoke, lakini yakimiminwa juu ya doa huusukuma uzame ndani ya nyuzi. Mimina polepole, kata ikiwa karibu na nguo, ili maji yasiruke hadi miguuni na ukutani. Hapa hatutumii maji ya moto, kwa kuwa kinyesi kina protini, na protini ikipata joto huganda katika kitambaa na kuacha doa la njano ambalo hata wiki nzima ya kuloweka haitalitoa.

Maji hayo machafu huishia chooni. Tabia ya kuyamwaga nyuma ya nyumba au kwenye bustani ya mchicha ni mbaya kuliko inavyoonekana, kwa sababu mayai ya minyoo ya mviringo yanayotoka na kinyesi hayawezi kuambukiza siku hiyo hiyo. Yanahitaji kukaa udongoni kwa wiki kadhaa ndipo yakomae, na hapo ndipo mtoto anapokuja kuchezea udongo. Mayai hayo yana ganda gumu ambalo klorini ya nyumbani haiwezi kulipenya, kwa hiyo kumwaga jiki juu ya udongo hakusaidii.

Hatua ya tatu ni kuisuuza nguo katika beseni kwa maji ya baridi, ukibadilisha maji hadi yasiwe na rangi wala vipande. Nguo yenye mkojo peke yake huanzia hapa, nayo isicheleweshwe, kwani mkojo ukilala katika nguo hugeuka kuwa amonia, yaani ile harufu inayochoma pua asubuhi, ambayo pia huwasha ngozi ya mtoto.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo yenye kazi kubwa, ni sabuni. Paka mche moja kwa moja kwenye doa hadi kitambaa kiwe chepesi kuteleza, ikunje nguo, uiache kwa nusu saa, halafu ifikiche. Geuza ndani nje na utazame mishono ya katikati ya miguu na mpira wa kiunoni: uvute mpira huo utanuke, na mara nyingi utaona mstari mwembamba wa uchafu uliojificha katika mikunjo yake. Brashi ni ya hapo. Uchafu ukishatoka, sasa maji ya moto yanafaa na yanasaidia, moto wa kiasi ambacho mkono unaweza kuvumilia au zaidi kidogo ukikorogea kijiti. Sabuni haiui kila kijidudu, bali hukibandua na kukiondoa pamoja na povu, na kwa nguo ya mtoto mzima wa afya aliyechelewa tu kufika kwenye poti, hilo linatosha.

Hatua ya tano, ya klorini, ni kwa siku ambazo mtoto anaharisha au anatapika, au kunapokuwa na taarifa ya kipindupindu mtaani. Nguo ikiwa imeshafuliwa na kusuuzwa sabuni, iloweke kwa nusu saa katika maji ya baridi yenye klorini ya asilimia 0.05. Tazama kibandiko cha chupa: jiki nyingi za madukani kwetu zina asilimia 3.5, kwa hiyo lita 5 za maji zinahitaji mililita 70 hivi, yaani vijiko vitano vya mezani visivyofurika. Iliyo na asilimia 5 inahitaji mililita 50. Jiki iliyokaa juani au iliyofunguliwa miezi mingi hupoteza nguvu, nayo ile inayouzwa kwa kupimwa katika chupa za maji bila kibandiko siwezi kukupa kipimo chake, kwa sababu hakuna anayejua muuzaji aliichanganya na nini. Usiitumie kwa sufi, hariri wala nguo za rangi zinazochuja. Usiimimine kamwe juu ya nguo iliyolowa mkojo, wala kuichanganya na siki, ndimu au dawa ya kusafishia choo, kwani michanganyiko hiyo hutoa hewa ya sumu, na mabafu yetu ni madogo, mengine hayana hata dirisha.

Baada ya hapo suuza mara mbili kwa maji safi, kamua, na uanike juani kwenye kamba, upande wa ndani ukitazama nje. Usitandaze nguo ya mtoto kwenye nyasi wala kuianika kivulini, kwa sababu kuna nzi anayevutwa na harufu ya mkojo na kinyesi ambaye hutaga mayai kwenye udongo na kwenye nguo mbichi. Funza wake huingia katika ngozi ya mtoto na kufanya uvimbe unaofanana na jipu. Pasi yenye moto, ikipitishwa pande zote mbili na hasa kwenye mishono, huyaua mayai hayo.

Mwisho, osha beseni, brashi na kata kwa sabuni, uvianike juani, kisha nawa mikono kwa sabuni hadi chini ya kucha kwa sekunde zisizopungua 20. Kanga uliyojifunga wakati wa kazi nayo ifuliwe ikiwa imerukiwa. Usiingie nayo jikoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, sisi tunanunua maji kwa ndoo, na kusuuza mara zote hizo ni gharama. Je, hakuna njia ya mkato?

Jibu: Njia ipo, dada yangu, nayo ni kuyazungusha maji kwa mpangilio. Fua kwanza nguo za watu wazima, na maji yake ya mwisho ya kusuuzia, ambayo bado ni safi kiasi, uyatunze kwa ajili ya kumiminia kinyesi katika hatua ya pili na kwa suuzo la kwanza la hatua ya tatu. Maji mapya yatumike kwa sabuni na kwa suuzo la mwisho tu. Kinyume chake hakifai: maji yaliyopita kwenye nguo ya mtoto iliyochafuka yasirudi kwenye nguo nyingine yoyote.

Swali: Maji ya kisima chetu hapa Mbagala yana chumvi. Sabuni ya mche haitoi povu, na nguo za mwanangu hubaki na harufu ya mkojo hata zikikauka. Nifanyeje?

Jibu: Maji ya namna hiyo huungana na sabuni ya mche na kufanya utando mweupe unaonata katika nyuzi na kuifungia harufu humo ndani. Tumia sabuni ya unga, ambayo huyavumilia maji hayo vizuri zaidi, na mkojo uutoe kwanza kwa maji matupu kabla ya sabuni. Kama unaweza kukinga maji ya mvua, yawe ya suuzo la mwisho. Kwa nguo zilizokwisha kushika harufu, ziloweke katika ndoo ya maji yenye nusu kikombe cha siki nyeupe, kisha uzifue upya; siku hiyo jiki isiguse nguo hizo.

Swali: Kituo anachoshinda mtoto hunirudishia nguo zikiwa zimefungwa ndani ya mfuko, nami hufika nyumbani usiku nimechoka. Zinaweza kusubiri asubuhi?

Jibu: Kufua kunaweza kusubiri, lakini hatua ya pili na ya tatu zisisubiri. Kinyesi kikitolewa na nguo ikalala katika maji ya baridi yenye sabuni, ndani ya ndoo yenye kifuniko ambayo mtoto hawezi kuifikia, asubuhi kazi itakuwa nyepesi. Waombe pia walezi wasizifue huko ikiwa hawana beseni la peke yake. Ni afadhali zirudi chafu. Na kwa kuwa mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 2019, mpe mtoto kopo kubwa la plastiki lenye kifuniko linalooshwa kila siku. Mfuko wa kitambaa hupitisha unyevu na kuchafua daftari na chakula.

Swali: Mwanangu hujikuna makalio usiku, na tumeambiwa ana minyoo. Je, nguo zake zifuliwe tofauti?

Jibu: Minyoo midogo myeupe kama uzi hutoka usiku na kutaga mayai kuzunguka njia ya haja kubwa, na mayai hayo huweza kukaa hai kwenye nguo na shuka kwa wiki mbili hadi tatu. Asubuhi mvue chupi na kuondoa shuka bila kuzikung'uta, kwa maana ukikung'uta mayai huruka na kusambaa chumbani. Kwa kuwa hakuna kinyesi cha kugandishwa, hapa anza na maji ya moto na sabuni moja kwa moja, kisha jua na pasi. Mkate kucha, na muulize mhudumu wa afya kuhusu kutibu nyumba nzima kwa pamoja, kwa sababu kufua peke yake hakutamtibu mtoto.

Swali: Nguo ikifuliwa hivi, je, naweza kusalia kanga iliyorukiwa na mkojo?

Jibu: Mimi si mwanachuoni, kwa hiyo undani wake muulize ustadhi wako. Ninalolijua ni kwamba katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, maji machache humiminwa juu ya nguo yenye najisi, na nguo haizamishwi ndani ya maji machache, kwa kuwa maji yenyewe yatanajisika. Basi suuzo la mwisho ulifanye kwa kumimina, nguo ikiwa mkononi na maji yakitiririka kwenda zake. Kwa upande wa usafi wa mwili pia hiyo ndiyo namna bora.