Jinsi ya kuitunga Saar iliyojitenga

Watunzi wengi wa historia mbadala, hadithi zinazogeuza tukio la kweli, hapa Dar huanza na bendera na wimbo wa taifa. Anza na kura. Tarehe 23 Oktoba 1955 wananchi wa Saar, jimbo la Wajerumani lililokuwa chini ya Ufaransa baada ya Vita Kuu ya Pili, waliulizwa kama wanakubali kuwa eneo la Ulaya lenye hadhi yake. Asilimia 67.7 walikataa, na mwaka 1957 likaingia Ujerumani Magharibi. Taifa lako linazaliwa pale wanapokubali.

Tafuta sababu ya kukubali. Hotuba moja haiwezi kugeuza theluthi kuwa wengi. Vyama vilivyotaka kurudi Ujerumani viliruhusiwa miezi mitatu tu kabla ya kura. Udhibiti wa Ufaransa juu ya migodi ya makaa ya mawe nao uliwaudhi watu kwa miaka. Gusa jambo moja, jingine liache lilivyo. Ukigusa yote mawili, msomaji hatajua lipi limezaa lipi.

Chukua kauntabuku ya kwaya mbili, gawa ukurasa safu tatu: mwaka, kilichotokea kweli, kinachotokea kwako. Jaza kwanza safu ya kati yote hadi 1960. Hapo utakutana na balaa: mwaka 1958 makaa ya mawe yalianza kudoda Ulaya Magharibi, mafuta ya bei nafuu yakichukua soko. Taifa lako lina miaka mitatu tu na riziki ya watu inatoka mgodini. Serikali itakopa Paris, itafunga mashimo, au itabisha hodi Bonn, makao ya serikali ya Ujerumani Magharibi? Kaa hapa kwa muda mrefu. Hadithi nyingi hufa kwa kuiruka bajeti.

Usikimbilie kuchapa noti. Tanganyika ilipata uhuru 1961, lakini shilingi ya Afrika Mashariki iliendelea kutumika hadi 1966. Saar halisi ilitumia faranga hadi Julai 1959, miaka miwili na nusu baada ya kuingia Ujerumani. Siku ya kubadili fedha iandike dukani, mkate ukiwa na bei mbili kwenye kibao kimoja.

Kosa la kawaida ni kuweka forodha upande wa Ufaransa. Ushuru wa Saar na Ufaransa ulikuwa mmoja, kwa hiyo mkaguzi anayefungua masanduku yuko mpaka wa Ujerumani. Nchi nzima ina kilomita za mraba 2,570 hivi, karibu sawa na Unguja na Pemba kwa pamoja, kwa hiyo usiandike safari ya treni ya siku mbili. Wahusika wape majina ya Kijerumani.

Mpira usiuache. Saar ilicheza na Ujerumani Magharibi kufuzu Kombe la Dunia la 1954, kocha wake akiwa Helmut Schön, yuleyule aliyewapa Wajerumani kombe la 1974. Akibaki Saarbrücken, mji mkuu wa Saar, amua nani atakaa kwenye benchi lao mwaka huo.