Kompyuta isiyo na feni inapungua kasi? Weka prosesa 99%

Kompyuta isiyo na feni ikianza kusuasua baada ya dakika chache za kazi nzito, izimie turbo, yaani uwezo wa prosesa kujiongezea kasi kupita ile ya msingi. Kwenye Windows, ingia mipangilio ya kina ya matumizi ya umeme, sehemu ya prosesa, ubadilishe kiwango cha juu kutoka 100% hadi 99%. Kwenye Linux inayotumia intel_pstate (kiendeshi kinachosimamia kasi ya prosesa za Intel), andika 1 kwenye /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo kwa ruhusa za root (msimamizi mkuu). Ukiwasha mashine upya inarudi 0.

Asilimia moja inaonekana kama mzaha, ila inatosha kuizuia prosesa isivuke kasi yake ya msingi. Turbo hupandisha kasi na volti pamoja, na umeme unaoliwa hukua kwa mraba wa volti, kwa hiyo kasi ile ya juu kabisa ndiyo yenye joto kupita kiasi. Kasha la alumini hulimeza kwa muda. Likishashiba, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe, kwa Intel nyingi ikikaribia 100°C, na hapo ndipo video au mchezo huanza kukwama. Bila turbo kasi ni ndogo lakini haiyumbi.

Kwa kazi za mipasuko mifupi, kama kufungua programu na kurasa, iache turbo ikiwa imewashwa, ukiizima utajichelewesha bure. Wala kuizima hakusaidii kama kinachochemka ni SSD ya NVMe (diski ya kasi ya kuhifadhia data), au kama kasha limebanwa kabatini na hewa moto haina pa kupandia. Kipengele cha kiwango cha juu cha prosesa kikiwa kimefichwa kwenye Windows, punguza wati za PL1 (kikomo cha umeme wa prosesa kwa kazi ya muda mrefu) kwenye BIOS, ikiwa mtengenezaji ameiachia wazi.