Jinsi ya Kulitunza Tangi la Majitaka la Nyumbani

Wenye nyumba wengi hulikumbuka tangi la majitaka siku choo kinapogoma kushuka, na hapo huwa wameshachelewa, kwa kuwa kinachoharibika mara nyingi si tangi bali udongo unaopokea maji yake.

Ndani ya tangi, uchafu mzito huzama na kuwa tope, mafuta huelea juu kama utando, na maji ya katikati hutoka kwenda kwenye shimo au mitaro ya kufyonzea. Bakteria humeng'enya sehemu ya tope lakini hawalimalizi. Hivyo tope huongezeka mwaka hadi mwaka, na likikaribia bomba la kutokea husombwa hadi kwenye udongo na kuuziba. Tangi lililojaa hunyonywa kwa siku moja, ilhali udongo ulioziba huenda ukakulazimu kuchimba upya mahali pengine.

Kwa kawaida tangi hunyonywa kila baada ya miaka 3 hadi 5, ila ni vyema kupima kuliko kukisia. Vaa glavu, funga kitambaa cheupe kwenye ufito mrefu, uteremshe polepole hadi chini karibu na bomba la kutokea, uuache dakika chache, kisha utazame doa la tope limeishia wapi. Likiwa limebakiza sentimita 30 au pungufu kuufikia mdomo wa chini wa bomba hilo, liite gari la kunyonya, na umwombe fundi akague kama bomba lenye umbo la T limevunjika, kwa sababu ndilo linalouzuia utando usitoke.

Usiingie tangini kamwe wala usiinamishe kichwa mlangoni mwake, hata likiwa limeshanyonywa. Hidrojeni salfaidi, gesi itokayo kwenye majitaka, huua haraka, na ikizidi huipumbaza pua, hivyo kutosikia harufu si dalili ya usalama. Methani nayo hulipuka ikikutana na moto. Mfuniko uwe imara, usioweza kufunguliwa na mtoto.

Mafuta ya kupikia, pedi, nepi, vitambaa vya kufutia, rangi na dawa kali visipite chooni wala kwenye sinki. Unga wa bakteria unaouzwa kwa ajili ya matangi hauna haja, kwani kinyesi chenyewe huja na bakteria wa kutosha.

Maji mengi kwa mkupuo huvuruga tope, kwa hiyo gawanya ufuaji katika siku mbalimbali, rekebisha choo kinachovuja, na elekeza maji ya mvua mbali na eneo la kufyonzea. Juu ya eneo hilo panda nyasi tu. Mizizi ya miti hupasua mabomba, na magari huushindilia udongo.

Sinki moja likizibika, tatizo huenda liko kwenye bomba lake. Yakisuasua yote kwa pamoja, au nyasi za eneo la kufyonzea zikistawi kupita kiasi na ardhi ikalowa pasipo mvua, funua chemba siku hiyo hiyo.