Kuvua na kuwinda Minnesota: programu za kuweka kwenye simu

Minnesota ina maziwa zaidi ya elfu 10, lakini Wakenya wengi wa Brooklyn Park na vitongoji jirani huyapita kila siku wakienda kazini bila kutupa ndoana hata siku moja. Wengi wanaogopa faini. Simu inaweza kukutoa hofu hiyo, ilimradi ujue programu ipi uiamini kwa lipi.

Anza na ya bure, isiyo na mbwembwe: LakeFinder ya idara ya maliasili ya jimbo, DNR. Andika jina la ziwa, utaona lina samaki gani, kina chake, vifaranga vilipandikizwa lini, na kanuni zake maalumu kama zipo. Usiruke sehemu ya ushauri wa kula samaki. Maziwa mengi yana zebaki, na samaki aitwaye walleye akiwa mkubwa huwa nayo nyingi kuliko mdogo. Kama nyumbani kuna mjamzito au watoto, isome kabla hujabandika sufuria. Usiye na mashua, tafuta kwa DNR mpango wa Fishing in the Neighborhood: ni mabwawa na maziwa madogo ya Minneapolis, Saint Paul na viunga vyake, mengi yakiwa na gati la kuvulia.

Leseni nayo inanunuliwa mtandaoni, DNR huko huko. Ni lazima kuanzia umri wa miaka 16, na ukishaishi jimboni siku 60 mfululizo unalipa bei ya mkazi, ambayo ni nafuu. Mambo ya Ziwa Victoria yaache kwanza: hapa ni mshipi mmoja kwa mtu, au miwili ukivua kwenye barafu. Na usibebe samaki hai kwenye ndoo ya maji ya ziwa. Jimbo linapambana na viumbe vamizi, na hapo hawana mzaha.

Fishbrain, ya Wasweden, ni pale wavuvi wanapotupia picha za samaki waliowapata. Inafaa kujua watu wanatumia chambo gani wiki hii. Ila ziwa lenye picha nyingi huenda ni ziwa lenye watu wengi tu, si samaki wengi. Navionics ina ramani za kina cha maji; bila mashua, hela yako ibaki mfukoni.

Kuhusu barafu, usiiamini programu yoyote. Toboa upime: DNR inashauri angalau inchi 4 za barafu mpya iliyo angavu kwa mtu anayetembea kwa miguu, na upime tena kadiri unavyosonga mbele.

Kwa uwindaji, onX Hunt ni ya kulipia, na mimi ningelipa. Inachora mipaka ya viwanja na kuonyesha jina la mwenyewe, nawe unajiona kama nukta inayousogelea mstari. Hilo si dogo: Minnesota huruhusiwi kuingia kuwinda kwenye shamba la mtu bila ruhusa, hata kama hakuna kibao cha kukataza. Ukijua jina, unaweza kwenda kubisha hodi na kuomba. Pakua ramani ukiwa nyumbani, maana porini mtandao hukatika. Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ni Novemba, na baridi hunyonya betri. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979 anahitaji cheti cha usalama wa silaha kabla ya kununua leseni ya kuwinda. Mtu mzima anaweza kusoma kozi hiyo mtandaoni. Lakini kama uko Marekani kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki au kushika bunduki, isipokuwa kwa sababu chache. Leseni halali ya uwindaji ni mojawapo. Hapo simu haitoshi. Muone wakili wa uhamiaji kabla hujagusa bunduki, hata ya kuazima.