Somo: Kufunga ekseli ya Ford 8.8 na breki za diski kwenye Jeep Cherokee ya zamani

Jeep Cherokee ya umbo la XJ, iliyoundwa kati ya mwaka 1984 na 2001, ni gari jepesi na hodari porini, lakini nyingi zilitoka kiwandani na ekseli ya nyuma aina ya Dana 35, ambayo haikukusudiwa kuzungusha tairi kubwa. Krauni yake, yaani gia kubwa iliyo ndani ya difu (sanduku la gia katikati ya ekseli), ina kipenyo cha milimita 192, na hafushafti zake (shafti zinazozungusha magurudumu) za meno 27 huelemewa pale tairi za inchi 33 zinapokwama kati ya mawe huku dereva akiendelea kukanyaga mafuta. Ekseli ninayoielekeza hapa ni Ford 8.8 inayotoka kwenye Ford Explorer ya mwaka 1995 hadi 2001. Krauni yake ina milimita 223, hafushafti zake zina meno 31, na breki zake ni za diski. Stadi zake tano za gurudumu zimepangwa kwenye duara lilelile la milimita 114.3, na kwa kuwa uzi wake pia ni uleule, nati zako zitaendelea kutumika.

Watu huvutwa na ukubwa wa krauni, nami siwalaumu. Hata hivyo, gari lililobadilishwa ekseli huwa hatari kwa mambo mawili ambayo hayaonekani kwa macho: pembe ya pinioni (gia ndogo inayozungusha krauni) na mgawanyo wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Nitapita upesi kwenye kufungua na kufunga bolti, ili nikae zaidi kwenye hayo mawili.

Hatua ya kwanza: kuchagua ekseli

Uwiano wa difu ya nyuma, yaani mizunguko ya pinioni kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu, lazima ulingane na wa mbele, kwa sababu ukitumia magurudumu manne wakati ekseli mbili zina uwiano tofauti, moja itaivuta nyingine hadi kitu kivunjike. Ekseli za Explorer hupatikana zaidi kwa uwiano wa 3.55, 3.73 na 4.10. Usiamini maneno ya muuzaji peke yake. Soma kibati kilichofungwa kwenye kifuniko cha difu, ambapo herufi L katikati ya tarakimu, kama 3L73, inaonyesha difu yenye klachi za kupunguza utelezi. Kama kibati hakipo na difu ni ya kawaida, zuia gurudumu moja lisizunguke, zungusha la pili mara 2 kamili, kisha hesabu mizunguko ya pinioni: ikizunguka karibu mara 3 na robo tatu, una 3.73. Kagua pia mafuta ya difu. Vipande vya chuma ndani yake vinatosha kukufanya uiache.

Hatua ya pili: kuandaa mirija

Mirija ya ekseli hii imeshindiliwa ndani ya difu na kushikizwa kwa weldi chache tu, hivyo ikibanwa sana inaweza kuzunguka ndani ya chuma cha kusubu. Ichomelee pande zote mbili, lakini kazi hii mpe fundi anayejua kuunganisha chuma cha kawaida na chuma cha kusubu, kwa kupasha moto kwanza, kutumia vijiti vya nikeli, na kuacha kipoe polepole. Kata vishikizo vya zamani vya springi kwa grinda, kwa kuwa kwenye Explorer springi zilikaa chini ya ekseli, ilhali kwenye XJ zinakaa juu yake. Vishikizo vipya viwe vya springi yenye upana wa milimita 64, na umbali kati yao upime kutoka kwenye ekseli yako ya zamani kabla hujaiuza.

Hatua ya tatu: kutoa ya zamani na kutafuta pembe

Egesha gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele, na uliweke bodi juu ya stendi imara. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake. Fungua propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli), shokapu, kebo za breki ya mkono na bomba la breki, kisha ondoa yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi) na ushushe ekseli.

Weka ekseli mpya ikiwa na vishikizo ambavyo bado havijachomelewa, funga yubolti kwa kuzilegeza kidogo, rudisha magurudumu, na ushushe gari mpaka springi zibebe uzito wake wote. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanapima pembe gari likiwa limening'inia, kisha wanashangaa propela inatetema barabarani. Krosi (kiungo kinachoiruhusu propela kupinda) moja ikipinda haizungushi shafti kwa mwendo ulio sawa. Huiharakisha na kuichelewesha mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili hufuta kosa hilo endapo tu pembe zote mbili zinalingana. Kwa hiyo, kwa propela yenye krosi moja kila mwisho, shafti ya pinioni iwe sambamba na shafti inayotoka kwenye transfa kesi (sanduku linalogawa nguvu kati ya ekseli za mbele na nyuma). Kama gari limeinuliwa na umefunga propela yenye krosi pacha upande wa transfa kesi, kanuni hubadilika: pinioni ielekee kwenye propela yenyewe, ikiwa chini yake kwa digrii 1 au 2, kwa sababu itanyanyuka kidogo injini inapovuta.

Ukiridhika, shikiza vishikizo kwa nukta chache za weldi, pima tena, halafu toa ekseli na umalizie uchomeleaji nje ya gari. Choma kidogo upande huu, kidogo upande ule, ili mrija usipinde, na kibano cha waya wa ardhi ukiweke karibu na unapochoma ili umeme usipite kwenye beringi. Tumia yubolti mpya. Za zamani zimekwisha kuvutika.

Hatua ya nne: propela

Ford hutumia flanji ya duara mahali ambapo propela ya Jeep inahitaji kishikio cha krosi, kwa hiyo utahitaji adapta. Pima urefu wa propela gari likiwa limesimama kwa uzito wake, na uache nafasi ya kuteleza kwenda pande zote mbili.

Hatua ya tano: breki

Breki ya dramu hujisaidia yenyewe, kwani mzunguko wa dramu huvuta kiatu kijibane zaidi. Diski haina msaada huo, lakini hukauka upesi baada ya kuvuka maji, na hukamata kwa kiasi kilekile kila unapokanyaga. Kutokana na tofauti hiyo, vali ya kiwandani inayopunguza presha ya nyuma, ambayo ilipangwa kwa ajili ya dramu, mara nyingi itaziacha diski zako zikifanya kazi ndogo mno. Unaweza kubadilisha sehemu za ndani za vali kwa zile za Jeep Grand Cherokee ya umbo la ZJ yenye diski nyuma, au kufunga vali ya kurekebishwa kwa mkono. Usifunge vali mbili zinazopunguza presha kwenye bomba moja.

Unapofunga breki, uzito wa gari huhamia mbele na tairi za nyuma hubaki nyepesi. Zikikwama (zikiacha kuzunguka) kabla ya zile za mbele, mkia wa gari utageuka, na ni vigumu kuurudisha kwa usukani. Anza na presha ya nyuma ikiwa ya chini kabisa, nenda kwenye uwanja mpana usio na watu, endesha kwa kilomita 40 kwa saa, funga breki kwa nguvu, na mwenzako aliyesimama kando atazame magurudumu. Ongeza kidogo kidogo, na uishie pale ambapo za mbele bado zinakwama kwanza. Rudia jaribio hilo gari likiwa na mzigo, na tena kwenye ardhi iliyolowa.

Baada ya kilomita 100 kaza tena yubolti, na nati za magurudumu uzirudishe kwenye Nm 135.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimetoa hewa kwenye mabomba ya breki mara tatu, lakini pedali bado ni laini kama sponji. Masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) imekufa?

Jibu: Marahaba. Kabla hujanunua masta silinda, angalia kalipa (kibanio kinachobana diski). Kinipo cha kutolea hewa lazima kiwe juu. Kikiwa chini, kalipa ya kushoto imefungwa kulia, na hewa haitatoka hata ukirudia mara kumi. Mimi mwenyewe nilipoteza siku nzima kwa kosa hilo. Ukishazibadilishana, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda.

Swali: Kaka, nimeona pinioni haipo katikati, imeenda kulia. Propela haitavunjika?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Imesogea sentimita 5 hivi, na krosi hustahimili mpindo huo mdogo wa ubavuni. Wapo wanaokata mrija mrefu na kutumia hafushafti fupi pande zote mbili ili kuiweka katikati. Ni kazi nzuri, ila ekseli huwa nyembamba na huenda ukahitaji spesa za magurudumu.

Swali: Nimesikia hafushafti hizi zinashikiliwa na klipu ndani ya difu. Ikivunjika, gurudumu linachomoka?

Jibu: Inawezekana, na hofu yako ina msingi. Kalipa inayokumbatia diski husaidia kuizuia isitoke upesi, lakini si kifaa cha kuitegemea. Ukisikia mlio wa kuvunjika, simama hapo hapo. Usijaribu kulifikisha gari nyumbani.

Swali: Breki ya mkono haishiki mlimani ingawa nimekaza kebo mpaka mwisho.

Jibu: Legeza kebo yote kwanza. Ndani ya diski kuna viatu vidogo vya breki ya mkono, navyo vina kirekebishi chao. Vipanue hadi diski iguse kidogo inapozungushwa, virudishe nyuma mpaka iwe huru, ndipo ukaze kebo. Ukianza na kebo, unamaliza mwendo wa mkono kabla viatu havijagusa chuma.