Kufunga programu kwenye simu ya zamani: funga iliyokwama, nyingine ziache

Maelekezo haya ni ya simu za Android za toleo la 4.4 hadi 8, hasa zenye RAM (kumbukumbu ya kazi ya simu) ya GB 1 au 2, na iPhone zenye kitufe cha Home.

Hatua ya 1: Fungua orodha ya programu zilizo wazi

Kwenye Tecno, Itel na Infinix nyingi, gusa alama ya mraba chini ya kioo. Samsung za J (J2, J5, J7) zina alama hafifu upande wa kushoto wa kitufe cha katikati, gusa hapo. Galaxy S3 na S4 hazina alama hiyo, kwa hiyo shikilia kitufe cha katikati mpaka orodha itokee. Kwenye iPhone bonyeza Home mara mbili harakaharaka.

Kama kitufe cha Home cha iPhone kimekufa, washa AssistiveTouch kwenye mipangilio. Utapata kitufe cha duara juu ya kioo chenye kazi hiyohiyo.

Hatua ya 2: Tupa kadi ya programu inayosumbua

Kadi ni kile kipicha cha programu kwenye orodha. Android hizi: sukuma kadi pembeni, kulia au kushoto. iPhone kuanzia mfumo wa iOS 7: isukume juu.

Usiguse kitufe cha kufuta zote. Programu iliyotulia nyuma haili chaji kiasi cha kutisha, na RAM ikipungua mfumo wenyewe huifunga. Ukiifunga kwa mkono kisha ukaifungua baada ya dakika tano, simu inaanza kuisoma upya kutoka kwenye hifadhi, na hifadhi za simu hizi ni za polepole. Hapo ndipo simu inapozidi kuwa nzito na chaji kushuka. Mwaka 2016 wakuu wa programu wa pande zote mbili, Craig Federighi wa Apple na Hiroshi Lockheimer wa Android, walilizungumzia jambo hili, na hakuna aliyeshauri kufunga programu kila mara ili kulinda chaji.

Kabla ya kutupa kadi, hakikisha hakuna kinachoendelea ndani yake: malipo yanayosubiri uthibitisho, fomu uliyojaza nusu, video inayopanda mtandaoni.

Hatua ya 3: Programu inayorudi yenyewe

Hapa ndipo watu wanapopoteza muda. Unatupa kadi, simu bado ina joto, bando linaendelea kuliwa, na ukiangalia, programu ipo tena. Sababu ni kwamba kadi ni dirisha tu. Programu nyingi zina sehemu inayofanya kazi nyuma bila dirisha, na kutupa kadi mara nyingi hakuigusi.

Kwanza mtambue mhusika. Android 4 na 5: Mipangilio, kisha Programu, kisha sehemu inayoonyesha zinazofanya kazi sasa. Kuanzia Android 6 orodha hiyo imehamia kwenye chaguo za wasanidi ("Developer options"), ambazo zimefichwa: nenda Kuhusu simu, tafuta namba ya muundo, yaani "Build number" (kwenye Samsung imo ndani ya taarifa za programu), iguse mara 7, kisha rudi nyuma. Ndani ya chaguo hizo angalia huduma zinazoendelea tu. Usibadilishe kingine usichokijua.

Ukishampata, rudi Mipangilio, Programu, mguse, kisha bonyeza kitufe cha kulazimisha kusimama. Simu ya Kiingereza itaandika "Force stop". Sasa programu imesimama kabisa.

Lakini uwe mwangalifu. Programu iliyosimamishwa hivi kwa kawaida haipokei arifa mpaka uifungue tena mwenyewe. Ukifanya hivyo kwa WhatsApp, meseji za usiku kucha hazitaingia, na wengi hudhani mtandao ndio mbovu. Ukifanya kwa saa, kengele ya asubuhi haitalia. Usiguse pia huduma za Google Play. Zitajirudisha zenyewe, na huku programu nyingine zitaanza kugoma.

Kama mhusika alikuja na simu na humtumii, usihangaike naye kila siku. Ukurasa uleule kwa kawaida una kitufe cha kumzima moja kwa moja. Unayemtumia lakini ni mzito, mwondoe uweke toleo jepesi. Facebook Lite inatosha kabisa kwa simu ya GB 1.

Usipakue programu za "kusafisha RAM"

Nyingi ni mzigo. Zenyewe hukaa kwenye RAM muda wote, huleta matangazo, na tangu Android 2.2 programu ya kawaida hairuhusiwi kufunga nyenzake ipasavyo. Huua zilizotulia, zile ambazo hazikuwa na tatizo, kisha zinajiwasha tena.

Hatua ya 4: Kioo kikiganda kabisa

Samsung: shikilia kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti kwa pamoja, sekunde 10 hivi, mpaka izime na kuwaka. iPhone 6s na za kabla yake: Home na cha kuwasha mpaka nembo ya Apple itokee. iPhone 7: kupunguza sauti na cha kuwasha. Android nyingine zenye betri ya kutoka, toa betri, subiri kidogo, rudisha.

Ikiwaka na kuganda tena, angalia nafasi ya hifadhi kabla ya kurudi kwenye programu. Simu ya GB 8 iliyobakiwa na MB 200 itaganda hata ukifunga kila kitu. Anza kwa kufuta video za WhatsApp.