Kumweleza mzazi asiyejua kusoma dawa ya malaria

Huku Kisumu, Siaya na Busia malaria ni ya mwaka mzima, na dawa yake ya kawaida, AL (tembe za artemether na lumefantrine), ina ratiba inayowachanganya hata waliosoma. Bahasha iliyoandikwa "1x2", yaani tembe moja mara mbili kwa siku, haimsaidii asiyejua kusoma.

Usimuulize mbele ya foleni kama anajua kusoma. Aibu itamfanya akubali tu. Akisema miwani imebaki nyumbani, au akimpa mtoto mkubwa karatasi aishike, msogeze kando umweleze kwa mdomo. Kiswahili kikimlemea, tumia Kijaluo au Kiluhya.

Pima uzito kwanza. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 humeza tembe moja kila mara, jumla 6. Wa kilo 15 hadi chini ya 25 humeza mbili, jumla 12. Dozi ya kwanza aimeze mbele yako, akiwa amekunywa maziwa au kula chakula chenye mafuta, maana bila mafuta dawa haiingii mwilini vizuri. Akitapika kabla ya nusu saa kuisha, rudia dozi hiyo.

Dozi ya pili, inayomezwa saa nane baada ya ya kwanza, ndiyo hukosewa zaidi. Ukisema "baada ya saa nane", mzazi husikia saa nane mchana. Taja wakati wenyewe: ya kwanza ikiwa saa nne asubuhi, ya pili ni saa kumi na mbili jioni, kuku wakianza kuingia bandani. Zilizobaki ni kesho asubuhi na jioni, kesho kutwa asubuhi na jioni. Chora jua na mwezi kwa kalamu ya wino mzito kwenye pakiti yenyewe, kwa sababu bahasha hupotea.

"Umeelewa, mama?" hujibiwa "ndiyo" kila mara. Afadhali umwambie: "Mama, ukifika nyumbani, nyanya yake utamwelezaje?" Aonyeshe kwa kidole tembe za jioni ya leo, kisha za kesho. Akikosea, rudia hapo alipokwama tu, bila kukunja uso. Maelezo yako ndiyo hayakutosha.

Mwambie wazi kwamba homa hushuka kabla vimelea havijaisha. Wengi hukoma siku ya pili, wakaweka tembe zilizobaki kwa ajili ya mtoto mwingine, na ugonjwa hurudi.

Dalili za hatari azitaje mwenyewe kabla hajaondoka: degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kulegea asiamke. Akiona hata moja, amrudishe mtoto hospitalini usiku huohuo, asingoje dozi iishe.